Biharusi, Gari Likitoka Gereji Nawe Ingia Ofisini



Kila nikiweka picha ya trela letu, pazia jeupe, vikombe vya kahawa mezani na jabali jekundu dirishani, napata ujumbe ule ule: "Mashallah dada, na mimi nataka mume wa kunizungusha hivyo." Allah akupeni mnachokitaka. Lakini leo nataka kusema jambo ambalo halimo kwenye picha, na najua baadhi ya mama zetu hawatolipenda. Siku gari linapotoka gereji baada ya injini kufunguliwa, mke asibaki nje na mkoba wake akingojea kupigiwa honi. Aingie ofisini, akae kitako, asome karatasi, aulize. Na gari hilo lisivute nyumba siku hiyo hiyo.

Kwa msionijua, mimi ni mtoto wa Unguja, muuguzi, naishi Marekani na mume wangu. Huko kuna kazi ya uuguzi ya kuhamahama. Hospitali ina upungufu wa watu, inakuchukua kwa mkataba, mara nyingi wa wiki 13, ukimaliza unakwenda mji mwengine. Wengi wetu tukichoka kutafuta chumba cha kukodi kila baada ya miezi mitatu tunanunua trela ya kulala, nyumba ndogo kamili yenye jiko, choo na kitanda, na pikapu kubwa ya dizeli ya kuivuta. Trela letu likiwa na vitu vyetu ndani lina kama tani tano. Kwa hiyo pikapu ile si gari la matembezi. Likifa, nyumba imekwama, na mshahara nao uko njiani kukwama.

Tulifunga ndoa katikati ya mkataba, fungate hatukupata. Nilipomaliza San Diego nilikuwa na wiki tatu na siku kidogo kabla ya kuanza kazi Las Vegas. Tukasema, hii ndiyo fungate yetu, tunapitiliza mpaka Zion kule Utah, tunakaa kwenye majabali mekundu, hatumjui mtu wala hatujuliwi.

Njia inapita jangwa la Mojave, kupitia kijiji kinachoitwa Baker. Hapo pamesimamishwa kipimajoto cha mita 41 hivi, yaani futi 134, kwa kumbukumbu ya joto la 56.7 lililopimwa Death Valley, bonde la jirani, tarehe 10 Julai 1913. Watu hushuka kupiga picha. Sisi pia tulishuka, nayo ndiyo picha yetu ya mwisho yenye meno nje kwa muda mrefu. Baada ya Baker barabara inapanda tu, kutoka mita 280 hivi hadi zaidi ya mita 1,200 kwenye kilele cha Halloran, na vibao vinakutaka uzime kiyoyozi ili gari lisichemke. Tulizima. Tukafungua vioo, mchana wa Juni, na mimi nimo ndani ya baibui jeusi, mnifikirie. Mshale wa joto ukapanda hivyo hivyo mpaka kwenye rangi nyekundu, halafu nikaona kwenye kioo cha pembeni moshi mweupe unatufuata.

Mume wangu aliposubiri injini ipoe akachomoa kijiti cha kupimia oili, alikiangalia, hakusema kitu. Akanionesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hata mimi nisiyejua gari nilifahamu kwamba maji yameingia mahali yasipotakiwa.

Yalikuja malori mawili ya kukokota, moja la pikapu na moja la trela, na kila moja na bei yake, tukarudishwa mji wa nyuma yetu. Kidogo tulipata faraja. Wenzetu wanaonunua zile nyumba ambazo injini na kitanda ni chombo kimoja, chombo kikienda gereji na kitanda kimekwenda, wao wanabaki hotelini. Sisi tuliwekwa kwenye uwanja wa matrela wenye umeme na maji, tukalala kwenye shuka zetu.

Hapo ikaanza kesho. Jumatatu fundi ataangalia. Jumanne ataangalia kesho. Jumatano bado kidogo. Alhamisi tukaambiwa hasa kilichopo: gasketi zimeungua, na hedi, ile mifuniko mizito ya juu ya injini, lazima zitolewe zipelekwe mji mwengine zikapimwe nyufa na kusawazishwa. Kwa aina ya gari letu, ili uzifikie vizuri, wanainyanyua kabini nzima kutoka kwenye chesisi. Niliona kwa macho yangu kupitia kioo cha ofisi. Gari lilikuwa limekatika vipande viwili, kichwa kinaning'inia juu na usukani wake, na tasbihi ya mume wangu bado imetundikwa kwenye kioo. Nilikaa kwenye kiti nikalia kama mjinga. Wiki mbili, walisema, si chini ya hapo.

Hapa niingize jambo, maana mliniuliza nilipokuwa huko: je, tulikuwa tunapunguza sala? Kwa madhehebu yetu ya Shafi, msafiri aliyekaa mahali akingojea haja anayoitaraji imalizike wakati wowote anaweza kuendelea kupunguza hadi siku 18. Siku zile za "kesho" tulipunguza. Lakini ukijua kwa hakika kwamba utakaa siku nne au zaidi, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hiyo huna. Kwa hiyo tangu Alhamisi ile, tulipoambiwa wiki mbili, tukasali sala kamili. Kwangu ilikuwa kama kupokea rasmi khabari kwamba si wasafiri tena, ni wakaazi wa uwanja wa matrela. Mwenye hali tofauti amuulize sheikh wake.

Nirudi kwenye hoja. Kwetu, gari likiharibika, unakwenda Mwanakwerekwe, unavuta kibao unakaa karibu na fundi. Unaiona spea ikitoka na mpya ikiingia. Ukitaka kujua kwa nini gari linachemka unamuuliza yeye mwenyewe, mikono yake imejaa grisi, naye anakujibu huku anafungua nati. Huenda akakudanganya, lakini anakudanganya usoni. Kule Marekani huingii ndani, kwa sababu ya bima yao. Unayezungumza naye ni karani wa mapokezi mwenye shati safi, na fundi aliyelifungua gari lako unaweza usimuone mpaka unaondoka. Yote aliyoyaona fundi ndani ya injini yanakufikia kwa mdomo wa mtu ambaye hakuyaona. Ndiyo maana karatasi ya gereji ya kule si risiti tu ya kukunja na kutia mfukoni.

Na kazini kwangu jambo hili tunalijua sana. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji hatumpokei kwa "alhamdulillah amepona." Tunakabidhiana. Amefanyiwa nini, nani kafanya, ametoka damu kiasi gani, kimebaki nini cha kuangalia usiku, na ugonjwa wenyewe uliomleta umeondoka au tumetibu alama yake tu? Mgonjwa wa homa hatumpi dawa ya homa peke yake tukamwambia nenda. Siku ya kumi na tisa, karani alipopiga simu kusema gari liko tayari, mimi nilikuwa nakwenda kumpokea mgonjwa. Mume wangu alikuwa anakwenda kuchukua ufunguo.

Simlaumu. Ilikuwa Alhamisi, kazi yangu inaanza Jumatatu, fungate yote imekwenda, na bili ni dola 9,340. Mwanamme aliyekaa siku 19 bila ya gari, anayemuona mkewe anakosha nguo kwenye beseni, akisikia "tayari" hataki jengine. Alishapanga: saa sita tunachukua gari, saa nane tunafunga trela, magharibi tuko Las Vegas. Mama naye alishaniletea sauti kwenye simu: "Mwanangu, mambo ya gari mwachie mwanamme, wewe usije ukamtia aibu mbele ya watu." Nampenda mama yangu. Lakini mama hakuiona ile kabini inaning'inia.

Tena katika zile dola 9,340, 6,000 zilikuwa zangu, nyingine za mahari, nyingine za zamu zangu za usiku. Hakuniomba, niliona mwenyewe hesabu haitoshi. Nikampa kwa mkopo, na tukaandikiana. Wapo mtakaosema mke na mume hawaandikiani, ni kukosa mapenzi. Mimi naona kinyume chake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandikiana deni, na sioni mahali iliposema isipokuwa mke na mume. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari, tukatia saini, nikampelekea kaka yangu picha. Usiku ule mume wangu alilala vizuri kuliko mimi.

Basi tukaingia ofisini pamoja. Karani akamgeukia mume wangu, akaisukuma bili upande wake, akampa kalamu. Nikaomba niisome kwanza. Mume wangu akanisogezea kiti, na nampa haki yake kwa hilo, maana angeweza kunikonyeza tuondoke.

Niliisoma mstari kwa mstari. Niliomba karatasi ya wale waliozipima hedi, tukapewa: zimepimwa kwa shinikizo, hazina ufa, zimesawazishwa. Spea za zamani tulishazidai tangu siku ya kwanza, na hilo nakushaurini mfanye. California ina sheria ya gereji na idara ya serikali inayoisimamia. Lazima upewe makadirio kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, wasizidishe bila ya idhini yako, na ukidai spea zako za zamani wakati unawapa kazi, wakurudishie, isipokuwa zile zinazotakiwa kurudi kwa aliyezitengeneza, na hizo unaweza kuomba uzione. Tuliletewa boksi. Gasketi moja ilikuwa imekatika penye ukingo, alama nyeusi ya urefu wa ukucha. Elfu tisa za watu zilipitia hapo.

Halafu waranti. Miezi 12 au maili 12,000, kizuri. Lakini kwa gereji ipi? Sisi si watu wa mji ule. Waranti inayotaka nilirudishe gari jangwani kwa lori la kukokota kutoka mji wa tatu haina faida kubwa kwa mtu anayeishi barabarani. Karani akasema wana mtandao wa gereji nyengine nchi nzima. Nikamwambia ahsante, iandike, na namba ya simu iweke. Akaandika.

Na swali la mwisho, ambalo ndilo nililolijia: gasketi iliungua kwa sababu gari lilichemka. Gari lilichemka kwa sababu gani?

Karani akasema mlima na joto. Nikamwambia siku ile yalitupita matrela mengi makubwa kuliko letu, yote yakafika juu. Akasema atauliza. Alikwenda ndani kwa muda mrefu, mume wangu anaangalia saa, na mimi moyoni nasema labda mama kasema kweli. Akarudi na fundi mwenyewe, mzee mwenye ndevu nyeupe, anajifuta mikono. Hakunipa mkono, sijui alijua au ilikuwa ni grisi. Akauliza, "Hawakukupigieni simu kuhusu feni?"

Feni ya mbele ya injini ina klachi yake. Gari likiwa baridi klachi inaiachia feni izunguke kivivu, joto likipanda inaishika ili ivute hewa kwa nguvu kwenye rejeta. Klachi yetu ilikuwa haishiki sawasawa. Fundi alishaliona hilo wiki ya kwanza, aliandika kwenye karatasi yake, akawa anangoja idhini yetu, kwa sababu haikuwemo kwenye makadirio na kwa sheria ile ile iliyotulinda hakuweza kuibadilisha bila ya sisi kukubali. Simu hiyo haikupigwa. Kazi ikaendelea, injini ikafungwa, gari likafanyiwa majaribio mjini likaenda vizuri, kwani gari tupu kwenye barabara tambarare feni dhaifu inalitosha. Ugonjwa ungejitokeza pale pale ulipojitokeza mwanzo, kwenye mlima, na tani tano nyuma.

Ofisi ilikuwa kimya. Mume wangu aliiweka kalamu chini pole pole.

Klachi mpya ilikuja kesho yake, dola 480 pamoja na kazi. Ijumaa alasiri tukalichukua gari kweli. Hatukufunga trela. Injini iliyo mpya au iliyojengwa upya kabisa, watengenezaji wengi hushauri isivute mzigo kwa maili 500 za mwanzo, kama kilomita 800, na wengine zaidi. Yetu ilikuwa imefunguliwa juu tu, na mzee fundi alisema haina haja ya yote hayo. Alitaka jambo moja: tuliendeshe likiwa tupu, lipate moto, lipoe kabisa, tuangalie maji, kisha tena na tena, kwa sababu hewa huwa inabaki kwenye njia za maji baada ya kazi kama ile, na ikitoka maji yanashuka. Yalishuka kweli, mara mbili, tukaongeza. Usiku nilitandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi lilikuwa kavu. Usiku wa pili nikatandika tena, mume wangu akanicheka, na asubuhi likawa kavu tena. Sijuti kulitandika.

Nitajibu wanaosema mwanamke akiuliza sana anamvunjia mume heshima. Inategemea anavyouliza. Mimi sikumkatiza mume wangu, sikumuambia mbele ya watu kwamba hajui, na nilipotaka kusema nilimwangalia kwanza. Tulikubaliana usiku wa kuamkia siku ile kwamba yeye atazungumza bei na mimi nitasoma. Kupanga hivyo kabla ya kufika ofisini ni bora kuliko kuvutana ofisini. Lakini kukaa nje kabisa, kwenye gari linalobeba kitanda chako, kwa fedha ambazo nyingi ni zako, na roho yako ndani yake, halafu tukaiita hiyo stara, hapo sikubaliani. Stara yangu niliingia nayo ofisini na nikatoka nayo.

Na kwa wale wenye wanaume wanaojua gari vizuri, msitulie sana. Mume wangu anajua gari. Angekuwa peke yake angeuliza kuhusu gasketi, aina ya oili, skurubu mpya au za zamani, mambo ambayo mimi hata siyajui kuyauliza. Swali la feni lilitoka kwa mtu asiyejua, aliyechoka, mwenye hofu ya kupanda mlima ule tena. Kwa hiyo tunahitajika wote wawili pale, anayejua na anayeogopa.

Tuliondoka Jumapili baada ya sala ya alfajiri, hewa bado ina ubaridi. Tumeanza safari, sala za njiani tukapunguza. Baker hatukushuka kupiga picha, tulikipita kile kipimajoto kama tunaopita nyumba ya mtu tuliyegombana naye. Kwenye mlima tulikwenda pole pole upande wa kulia pamoja na malori, na kila mara nilikuwa nasikia feni ikishika, sauti nzito kama ya jenereta ya harusi, halafu inaachia. Mshale ulipanda kidogo, ukakaa. Pale moshi ulipotutokea mara ya kwanza mume wangu alikuwa anasoma dua kwa sauti na mimi nimeshika chupa ya maji mapajani bila ya kujua naishikia nini.

Jumatatu niliingia zamu. Zion bado hatujafika, imewekwa mwisho wa mkataba huu inshaallah. Deni limebaki dola 3,500, analipa kila mwisho wa mwezi na kila akilipa tunaandika, na karatasi yenyewe ipo kwenye droo ya vijiko pamoja na ile ya waranti.